Siku Tatu Nilizoificha Nyota ya Mapacha

Stima ilipotea wiki iliyopita. Kwangu mishumaa haikai, sijui huliwa na nani, kwa hiyo nikatoa kibatari cha zamani stoo, nikakitia mafuta ya taa nikakiwasha. Wajukuu walishika pua wakakimbilia nje na simu zao. Mimi nilibaki nimekiinamia kama mgonjwa aliyefunikwa shuka kujifukiza. Harufu ile ya utambi unaoanza kushika moto, na bati linalopata joto taratibu, ilinirudisha Malaba, kwenye nyumba za reli, mwaka ambao niliamini kwa moyo wangu wote kwamba namuua dada yangu kwa kula.

Msinicheke kabla hamjasikia. Mimi ni Adongo, jina la pacha aliyetoka wa pili. Aliyenitangulia ni Apio. Kwetu, upande wa Amukura, pacha hafanyiwi kitu peke yake. Ukimpa mmoja kipande cha muwa, tafuta cha pili kabla hujampa. Ukimgombeza mmoja, mwenzake naye asikie maneno hayo hayo hata kama alikuwa amelala. Tulikula sahani moja, tukaoga karai moja, na nguo zetu zilikatwa kwenye kitambaa kimoja ili lisije likawa jambo. Ila mwili haukuufuata utaratibu huo. Mimi nilikuwa na mashavu na miguu ya kuponda udongo; Apio alikuwa mwembamba tangu siku tulipozaliwa. Wageni wakija hawakukosa kunishika shavu na kusema, "Huyu ndiye alimaliza chakula ya mwenzake ndani ya tumbo." Watu wazima wote walicheka, mimi pia nikacheka, na Apio akacheka kuliko wote.

Halafu Apio akaanza kukohoa. Kwanza tulisema ni vumbi, kisha baridi, mwishowe hakuna aliyesema kitu. Mama alifunga mkeka, sufuria na blanketi, akampeleka hospitali ya misheni kule Nangina, na jibu lililorudi lilikuwa kwamba ni kifua na atalazwa miezi. Mama alibaki naye huko. Baba alikuwa na ng'ombe na pamba ya kuvuna, hakujua kusuka nywele wala kupika mboga, kwa hiyo mimi nikapelekwa Malaba kwa shangazi. Usiku wa kwanza nilinyoosha mkono gizani kumtafuta Apio nikagusa ukuta. Nililia mpaka shangazi akaja kulala nami.

Malaba ilikuwa na kelele hata ikinyamaza. Malori yalijipanga barabarani yakingoja kuvuka, madereva wamejilaza chini ya trela, matanboi, wasaidizi wao, wakipika ugali kando ya magurudumu na kuitana kwa lugha za kila pembe ya Kenya. Reli ilikuwa bado ya nchi tatu, na mabehewa yalipogongana yakipangwa upya usiku, vikombe vya shangazi vilitetemeka kabatini. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kidogo cha nyasi, na upande wa machweo tangi la maji la reli juu ya miguu yake ya chuma. Nyuma ya tangi ulikuwa mto, na ng'ambo ya mto Uganda.

Mume wa shangazi, Anko Makokha, alikuwa mtu wa ishara stesheni, yule anayeiambia treni pita au simama. Alikuwa Mmarachi wa Nambale. Miaka yote ya kuishi na mke Mteso, ulimi wake ulikataa kabisa Kiteso, kwa hiyo nyumba ile ilisema Kiswahili, kila mtu kwa namna yake. Mrefu, mpole, mwenye macho yaliyozoea kutafuta taa ndogo mbali. Na alikuwa na bomba.

Bomba lile aliachiwa na stesheni masta mmoja Mgoa aliyehama na hakuweza kulibeba. Lilikuwa la bati, urefu wa mtoto wa darasa la tano, limepakwa rangi ya kijivu ya reli, na chini kabisa ndani yake kulikuwa na kioo cha upana wa sahani ya chai. Anko alilisimamisha kwenye kitako alichojenga kwa mataruma, yale magogo ya zamani yanayolaliwa na reli. Mgoa hakumwachia bomba tu, alimwachia na kazi: kila jioni isiyo na mawingu, kuangalia nyota moja, kuandika alichoona, na mwisho wa mwezi kutuma karatasi ng'ambo ya bahari kwa watu wanaokusanya habari za nyota zinazobadilika. Hawakumlipa hata senti. Shangazi alisema kuna wanaume wana bibi wa pembeni, wake ana bomba, na yeye ameridhika.

Majirani hawakuridhika. Mpakani wakati ule kila mtu alikuwa akimwogopa mwenzake, na bomba lililoelekezwa juu si kitu cha kueleza haraka. Jioni moja alikuja sajini wa polisi. Anko akampisha kwa heshima, akamwonyesha pa kuweka jicho. Sajini aliangalia kwa muda mrefu, amekunja uso.

"Mimi naona nukta tu, mzee."

"Ndio hiyo, afande. Ni nukta."

"Na hiyo nukta ni ya nini?"

"Ni ya kuangalia."

Sajini akafikiri, kisha akatoa amri ambayo sidhani imewahi kutolewa kwingine: "Sikiza. Upande ya Kenya, angalia mpaka uchoke. Lakini hii kitu isipite hapo kwa tangi. Ile ingine ni nchi ya watu." Kuanzia hapo Anko hakuwahi kuangalia nyota yoyote iliyoshuka nyuma ya tangi la maji. Ikifika pale, kwake ilikuwa imeshavuka mpaka, basi.

Jioni baada ya chakula aliwasha taa yake ya kazi, ile ya mkononi yenye vioo vya rangi, akazungusha kioo chekundu mbele. Mwanga mwekundu hauharibu jicho lililozoea giza. Chini ya wekundu ule alikunjua ramani ambamo nyota zilikuwa nyeusi na mbingu nyeupe. Nilimwambia aliyeichora amekosea. Alicheka, akanifundisha: anza na zile mbili kubwa zinazong'aa karibu karibu, shuka hapa, pinda pale, mpaka ufike kwenye kikundi kidogo chenye umbo la jembe lililovunjika mpini. Kila nyota ya kikundi ilikuwa na namba yake. Unailinganisha ile unayoitafuta na majirani zake, inamzidi huyu, inazidiwa na yule, ndipo unajua namba yake. Tatizo ni kwamba yetu haikuwapo. Kila jioni Anko aliangalia pale pale penye weusi mtupu, akajinyoosha mgongo, na kuandika daftarini: Haionekani.

"Sasa kwa nini unaandika na hakuna kitu?" nilimuuliza.

"Kama siandiki, nani atajua hakukuwa na kitu? Hata hapana ni jibu. Hiyo ndiyo kazi, Adongo. Kila siku hapana, hapana, hapana, halafu siku moja inawaka. Na inaanza kuwaka kwa siku moja tu, jana giza, leo taa, halafu inakaa kama wiki ndio izime. Miaka sita natafuta kuishika siku yenyewe inawaka. Kila saa nakuta imeshatangulia. Ama mawingu, ama niko kazini."

Nikamuuliza inawakaje. Hapo ndipo aliponieleza, akitumia viazi viwili vya shangazi. Kumbe si nyota moja, ni mbili, zinazungukana karibu sana hata kwa bomba huwezi kuzitenganisha. Moja ndogo, nzito. Nyingine imevimba kidogo, laini. Ile ndogo humvuta mwenzake, hewa yake inamtoka kidogo kidogo na kwenda kuizunguka ile ndogo kama maji kwenye beseni lililotoboka. Inajikusanya, inajikusanya, siku ikizidi inashika joto na kuwaka yote pamoja.

"Kwa hivyo ndogo inakula mwenzake," nikasema.

"Unaweza kusema hivyo."

"Na zinaitwa nani?"

"Jina ni herufi tu. Lakini hapo zinakaa panaitwa Mapacha."

Niliinama nikaviangalia vile viazi viwili. Anko alidhani nimeshikwa na usingizi, akanituma nikalale.

Haikupita wiki mbili, nyota ikawaka. Anko aliniita na mdomo uliojaa mate ya furaha, nikaweka jicho, na pale penye weusi wetu palikuwa na nukta nyeupe, imara, inayowazidi majirani karibu wote. Mawingu yalikuwa yamemnyima jioni mbili za kabla, kwa hiyo siku yenyewe ilimpita tena, lakini alifurahi vivyo hivyo. "Leo imekula ikashiba," alisema. Jioni hiyo shangazi alikuwa amepika omena, wale dagaa wa Sio Port, kwa nyanya na mimi nilikuwa nimeongezwa mara mbili.

Siku mbili baadaye baba alifika kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi. Alizungumza na shangazi jikoni kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Apio alikuwa ametapika damu. Juzi jioni. Waliogopa hatafika asubuhi, ila alifika.

Juzi jioni. Hakuna mtu mzima aliyenielekeza njia, niliipita mwenyewe na kila hatua ilikuwa wazi. Pacha wa pili, mdogo, mzito. Alikuwa akila mwenzake hata tumboni, wageni wote wameshuhudia. Yuko Malaba ananenepa kwa omena na chai ya maziwa, mwenzake yuko Nangina anaisha. Na siku aliyoshiba kupita kiasi, ikawaka juu mbinguni watu wakaiona hata kwa bomba. Nawaambia ukweli, sijawahi tena maishani kuelewa jambo kwa uhakika namna ile.

Nikaacha kula. Si kabisa, shangazi angeniona. Nilimega, nikatia mkononi, na kuku wa shangazi walinijua wakawa wananifuata hadi chooni. Shangazi alisema natamani nyumbani, akanipa dawa ya minyoo. Na kila jioni nilisimama karibu na Anko nikiomba palepale pabaki peusi. Aliposema "haionekani" nilishusha pumzi. Mvua za masika zilipokuja na kuziba mbingu wiki nzima nzima, Anko alizunguka nyumba kama mtu aliyefiwa, mimi nikawa nimepata sikukuu.

Mvua ilipoanza kupungua, nyota za Mapacha zilikuwa zimeshapita utosini, kila wiki zinaanza jioni karibu zaidi na tangi la maji. Zilibaki siku chache za kuangalia kwa mwaka ule. Na hapo ndipo Anko akapangiwa zamu ya usiku, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Aliniita, akaniwekea daftari mkononi.

"Sasa wewe ndio macho. Njia unajua. Andika kitu ile unaona, si kitu ile unataka. Ukiiona, shangazi yako atume mtu kwa kibanda ya ishara, mimi nitakuja mbio hata treni ya Nairobi ingoje."

Jioni mbili za kwanza niliandika hapana kwa haki. Ya tatu, nilianza na zile mbili kubwa, nikashuka, nikapinda, nikafika kwenye jembe, na pale palikuwa na nyota. Niliondoa jicho nikapangusa. Nikarudi. Ilikuwa pale, nyeupe, haina haya. Shangazi alikuwa hatua kumi kutoka kwangu akikoka jiko, akaniuliza, "Iko?" Nikasema, "Hakuna, shangazi." Nikaandika Haionekani kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, na chini yake, kama nilivyofundishwa: mbingu safi. Ya nne vivyo hivyo. Ya tano vivyo hivyo. Usiku nililala nikingoja kengele ya baiskeli ya baba, na asubuhi sikugusa uji.

Jioni ya sita Anko alikuwa na mapumziko. Aliinama bombani, na nikauona mgongo wake ukikakamaa. Kisha akaomba daftari, akalileta chini ya taa nyekundu, akasoma mistari yangu mitano kwa kidole. Alipoinua uso alikuwa analia.

"Tumeishika," alisema. "Mama yangu, tumeishika. Jana mbingu safi, haiko. Leo iko. Hii ndiyo siku yenyewe." Alimwita shangazi, akamshika mikono akamzungusha nyasini na mwiko wake. Alisema kesho kabla ya chai ataandika barua ng'ambo, na katika barua hiyo jina la kwanza litakuwa langu, kwa sababu bila hapana zangu tano, ndiyo yake haina thamani. "Wazungu watasoma Adongo wa Malaba."

Sijui watoto wengine huungama vipi. Mimi nilitapika kwanza, maji matupu, kwa sababu hakukuwa na kitu tumboni. Kisha nikasema, "Anko, nilikuwa naiona."

"Unasema?"

"Nilikuwa naiona. Hizo siku tatu za mwisho, zote."

Akakaa chini kwenye taruma. Shangazi alifungua mdomo, yeye akainua kiganja kumzuia. Nilingoja kofi na nililitaka. Miaka sita, na mimi nilikuwa nimeificha kwa penseli.

"Kwa nini?" aliuliza, na sauti haikuwa ya hasira, ndiyo maana nikaanza kulia.

"Sitaki Apio akufe. Mimi nikikula inawaka, na ikiwaka yeye anatapika damu. Sasa nimeacha kukula na imewaka tu."

Shangazi alipiga kelele ndogo na kunishika mkono, akaupima kwa vidole vyake kama anayepima kuni. Nadhani ndipo alipoona. Mabehewa yaligongana stesheni.

"Adongo," Anko alisema, "hiyo nyota watu wameanza kuiangalia kabla babu yangu azaliwe. Na kabla waangalie, ilikuwa inawaka tu. Inavuta mwenzake, inawaka, inalala, inavuta tena. Sasa niambie. Kama ingekuwa inammaliza, leo ingevuta nini?"

Nikaliangalia bomba.

"Mwenzake yuko. Mimi nilikuambia anavutwa. Hiyo mambo ya kufa uliongeza wewe." Akajipangusa uso kwa kofia. "Na tena, ugali unakula ni ya shangazi yako. Ya Apio iko Nangina. Hakuna bomba inatoka huku inaenda huko."

Alinipa penseli. Katika kazi ile hakuna kufuta. Nilipiga mstari mmoja juu ya kila Haionekani, maneno yakiendelea kusomeka, na pembeni nikaandika, Niliiona, mara tatu. Anko alisoma, akatia sahihi chini yangu. Barua aliiandika hata hivyo, ya kawaida, bila siku ya kwanza. Aliendelea kuitafuta siku ile miaka mingi baadaye, na sijui kama aliipata, kwa sababu sikuthubutu kumuuliza.

Lakini alijua kwamba maneno yake hayakutosha. Mtoto aliyeamini kitu miezi mitatu hakiachi kwa jioni moja. Alfajiri aliongea na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akishuka Busia mjini, na kutoka Busia tukapanda pikapu iliyobeba magunia ya mihogo, mimi na shangazi juu ya magunia. "Wewe nenda ukaangalie," Anko aliniambia tukiondoka. "Usisikilize baba, usisikilize mimi. Angalia mwenyewe."

Nangina palinuka dettol na uji wa wimbi. Mama alikuwa ameketi kwenye baraza la wodi, na kando yake msichana aliyevaa gauni la hospitali akibambua karanga na kuimba. Sista mmoja mwenye shati jeupe alikuja haraka, akapiga magoti mbele yangu, akavuta ngozi ya chini ya jicho langu kwa kidole gumba. "Huyu amefika lini?" alimuuliza mama. "Huyu naye alale kitanda gani?"

"Huyo si mgonjwa," mama alisema, kisha akaniangalia vizuri na sauti ikamkatika. "Huyo ni yule mnene."

Msichana wa karanga akainua kichwa. Alikuwa na mashavu. Nilikuwa sijawahi kumwona Apio na mashavu, na kwa muda nilimtafuta dada yangu ndani ya uso ule nikamkosa, ndipo akacheka nikampata. Alinizunguka pande zote, akanipima bega kwa bega, akaona amenizidi, na furaha iliyomjaa ilikuwa ya kukera kabisa.

"Adongo, umekuwa kijiti," alisema. "Hata mimi naweza kukubeba."

Akaingia wodini akarudi na kikombe cha bati, uji wa moto wenye sukari, akanisukumia mikononi. Mama alisema, "Kunywa." Shangazi alisema, "Kunywa, mtoto." Nilikishika mpaka vidole vikaungua. Kisha nikanywa, funda moja, na badala ya kuangalia kikombe nilimwangalia Apio usoni, na funda la pili, na la tatu, nikimkagua macho, mashavu, shingo, kila nilipomeza. Yeye aliendelea kubambua karanga zake na kutafuna. Nilimaliza kikombe chote hivyo. Hakupungua.

Nikaomba kingine.